Nairobi hadi New York: kwa nini kilomita 11,840 huchukua saa 15 kwenda na pungufu kurudi, na namna ya kusoma saa za tiketi

#1. Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu mama yangu alikaa saa sita peke yake katika ukumbi wa wanaowasili, Terminal 4, uwanja wa John F. Kennedy, New York. Alikuwa amekalia kigari cha mizigo, mkoba mapajani, leso mbili amejifunika mabegani kwa ajili ya baridi, huku shemeji yangu akiwa nyumbani New Jersey akiamini kwamba ndege bado iko juu ya bahari. Hakuna aliyemfanyia mama ubaya. Mimi ndiye niliyemwandikia dada yangu kwamba mama atatua "saa 12:25", nikikusudia saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano asubuhi kama tunavyohesabu sisi. Dada alikuwa zamu ya usiku, akaupeleka ujumbe ule ule kwa mumewe, ambaye amezaliwa kule, na kwake 12:25 ni mchana. Tiketi yenyewe ilisema 06:25. Neno "asubuhi" lingemwokoa mama yangu, na mimi sikuliandika.

Baada ya siku ile nilikaa chini nikaifanya hesabu ya safari yote kwa utaratibu, na nimegundua kwamba watu wengi wanaosafirisha wazazi wao kwenda Marekani wanaibahatisha kama nilivyoibahatisha mimi. Naieleza hapa ili mwenye mzee wake atakayesafiri aisome kabla ya kukata tiketi.

Safari ya moja kwa moja kati ya miji hii ilianzishwa na Kenya Airways tarehe 28 Oktoba 2018, kwa ndege aina ya Boeing 787-8 yenye viti 234. Kabla ya hapo ilibidi Kenya ipandishwe daraja la kwanza la usalama wa anga na mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, jambo lililokamilika Februari 2017. Ratiba iliyotangazwa wakati ule ilikuwa ndege iondoke Nairobi 23:25 na ifike New York 06:25 siku inayofuata; kurudi iondoke New York 12:25 na ifike Nairobi 10:55 siku inayofuata. Ratiba hubadilika mwaka hadi mwaka, lakini tiketi ya mama ilikuwa na saa hizo hizo, kwa hiyo ndizo nitakazozitumia.

Tazameni sasa. Mtu akitoa 23:25 kwenye 06:25 kwa haraka anapata saa saba, na mama mwenyewe aliambiwa na jirani yetu kwamba ni "usiku mmoja tu, unalala unaamka uko Amerika". Akiangalia tiketi ya kurudi anapata saa ishirini na mbili na nusu, anaanza kuogopa. Hesabu zote mbili si sahihi, kwa sababu saa ya kuondoka ni ya Nairobi na saa ya kufika ni ya New York, na huwezi kutoa moja kwenye nyingine kabla hujazirudisha kwenye saa moja. Majira ya baridi ya kule, Nairobi iko mbele kwa saa nane. Ndege inapoondoka Nairobi saa tano na dakika 25 usiku, New York ni saa tisa na dakika 25 alasiri ya siku hiyo hiyo. Kutoka saa tisa na dakika 25 alasiri hadi saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi ni saa 15 kamili. Kurudi, saa sita na dakika 25 mchana ya New York ni saa mbili na dakika 25 usiku Nairobi, na kutoka hapo hadi saa nne na dakika 55 asubuhi ni saa 14 na nusu.

Jambo linalowakosesha hata wazoefu ni kwamba Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, ilhali sisi hatuzigusi. Katika miezi hiyo tofauti yetu nao ni saa saba. Kama unampigia simu mtu wa kwenda kumpokea mzee katika wiki ya mabadiliko, muulize yeye saa yake inasema nini sasa hivi, usitegemee kumbukumbu ya mwezi uliopita.

Kuhusu umbali, kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi John F. Kennedy ni takriban kilomita 11,840 kwa njia iliyo fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia. Mtandaoni mtaona pia maili 7,356 na maili 6,392, na watu hubishana ipi ni ya kweli. Zote ni za kweli: ya kwanza ni maili ya nchi kavu, yenye kilomita 1.609, na ya pili ni maili ya baharini, yenye kilomita 1.852, ambayo ndiyo wanayoitumia marubani na manahodha.

Boeing 787 husafiri angani kwa mwendo wa karibu kilomita 900 kwa saa. Ukigawanya, unapata saa 13 na dakika kumi. Muda uliobaki hadi kutimia saa 15 unaliwa na mambo ambayo abiria aliyeketi kitini hayaoni, na naomba wenye ujuzi wa kazi hiyo watusaidie kuyaeleza. Mimi naanza na moja, upepo.

Katika kizio cha kaskazini, kwenye mwinuko wa kilomita tisa hadi kumi na mbili, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi huwa na nguvu zaidi. Ndege inayokwenda New York inakutana nao uso kwa uso. Inayorudi unaisukuma kutoka nyuma. Februari 2020, wakati wa dhoruba iliyopewa jina la Ciara, ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua saa sita au zaidi kidogo, kwa sababu tu ilibebwa na upepo huo. Sisi watu wa pwani tusilione hili kuwa geni. Wazee wetu wa majahazi waliokuwa wakienda Maskati hawakukuuliza ni maili ngapi. Walikuuliza kama kusi imeshaanza kuvuma, na aliyetoka kule kuja Mombasa au Unguja alingoja kaskazi. Aliyelazimisha kwenda kinyume alikuwa na upepo wa omo siku zote za safari.

#2. Mchangiaji wa Dar es Salaam

Ndugu mwanzisha uzi, pole sana kwa yaliyompata mama, na ahsante kwa maelezo.

Nina maswali mawili. La kwanza, nilipanda ndege hiyo mwaka wa jana, na nilipokuwa nikiangalia ramani kwenye kioo cha kiti cha mbele, niliona tunapanda kaskazini-magharibi kuvuka Sahara hadi Morocco, kisha tunaingia baharini. Nyumbani nilipochora mstari ulionyooka kwa rula kwenye ramani ya ukutani, mstari ulipita Nigeria, Mali na Mauritania. Je, rubani alizunguka?

La pili, kwa sisi tunaoanzia Dar, ni ipi njia isiyochosha: kupitia Nairobi, kupitia Ulaya, au kupitia Dubai? Wakala mmoja alinishauri Dubai kwa maelezo kwamba "umbali ni ule ule".

#3. Mwanzisha uzi

Kaka, rubani hakuzunguka. Ramani ya ukutani ndiyo iliyokudanganya. Dunia ni mviringo na ramani ni bapa, na ili kuibandika dunia ukutani wachoraji hulazimika kuinyoosha sehemu za kaskazini na kusini kuliko zilivyo. Fanya jaribio nililolifanya na wanangu mezani. Chukua tufe la shuleni, au hata mpira uuchore mabara kwa kalamu. Bana ncha ya uzi wa kushonea pale Nairobi, uvute hadi New York, kisha uukaze mpaka usilegee popote. Uzi utajipangia njia wenyewe: utatoka Kenya uelekee kaskazini-magharibi juu ya Uganda na Sudan Kusini, uguse pembe ya Darfur, uvuke Chad, Niger na Algeria, utokee Morocco katikati ya Marrakech na Casablanca, upite visiwa vya Azores, kisha uinamie pwani ya Marekani kutokea kaskazini-mashariki. Binti yangu aliukaza mara tatu kwa kutoamini, na mara zote tatu ulirudi Morocco.

Njia hiyo huitwa duara kuu. Kwa safari hii faida yake si kubwa mno: mstari wako wa rula ungekuwa na takriban kilomita 12,190, yaani 350 za ziada, karibu dakika 25 za kuruka. Kwa miji iliyoko mbali zaidi kaskazini tofauti huwa kubwa, ndiyo maana ndege ya kutoka Dubai kwenda Los Angeles huelekea kaskazini hadi maeneo ya karibu na ncha ya dunia, jambo ambalo kwenye ramani bapa linaonekana kama upotevu.

Kuhusu Dubai, wakala wako hakukuambia ukweli, na hilo naliona ni kosa kubwa kwa mtu anayelipwa kushauri wasafiri. Nairobi hadi Dubai ni karibu kilomita 3,560, na Dubai hadi New York ni karibu kilomita 11,000. Jumla zaidi ya 14,500. Unakwenda mashariki kwanza ndipo ugeuke magharibi, na kile kipande cha pili peke yake kinakaribia urefu wa safari nzima ya moja kwa moja. Kupitia Amsterdam ni kama 6,680 na 5,850, jumla 12,530, ambazo ni kilomita 700 tu za ziada, kwa hiyo Ulaya kwa umbali haiko nje ya njia. Dar hadi Nairobi ni kilomita 670, saa moja na kitu. Kama nauli ya Dubai ni nafuu sana, ni sawa kuichagua, lakini ichague ukijua kwamba unainunua kwa saa za mwili wako, na kwa mzee wa miaka sabini mwenye miguu inayovimba saa hizo si kitu kidogo.

#4. Mchangiaji anayefanya kazi ya kupanga safari za ndege, Nairobi

Habari za jioni wakuu. Mwanzisha uzi ameomba wenye ujuzi, nami nitaongeza kile ninachokiona kazini, bila kuitaja kampuni yangu.

Kwanza, saa 15 za kwenye tiketi si saa za kuwa angani. Zinahesabiwa tangu ndege inaposukumwa kurudi nyuma kutoka langoni hadi inapoegeshwa na magurudumu kuwekewa vizuizi. Ndani yake mna kujikokota hadi njia ya kurukia, kupanda taratibu ikiwa nzito, kushuka, na kupangiwa zamu ya kutua. New York mchana ndege zinazosubiri kupaa hupanga foleni ndefu, na ndiyo sababu mojawapo ratiba ya kurudi haipungui sana ingawa upepo uko nyuma.

Pili, upepo alioueleza haukai njia nzima. Theluthi ya kwanza hivi ya safari hii iko katika ukanda wa joto, ambako upepo wa juu kwa kawaida ni wa wastani. Ukali wake unaanza karibu na Afrika Kaskazini na kuendelea juu ya Atlantiki. Tukichukulia, kwa mfano tu, kwamba wastani wa njia nzima ni kilomita 30 kwa saa dhidi yako, mwendo wako juu ya ardhi unakuwa 870, na muda unapanda hadi saa 13 na dakika 36. Upepo huo huo ukiwa nyuma, muda unashuka hadi saa 12 na dakika 44. Kwa hiyo upepo mdogo tu unaleta tofauti ya karibu saa nzima kati ya kwenda na kurudi.

Tatu, na hili watu hawalijui, Nairobi si mahali rahisi pa kuanzia safari ndefu. Uwanja wetu uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, wakati John F. Kennedy uko mita chache tu juu ya maji. Hewa yetu ni nyepesi. Mabawa yanapata kani ndogo ya kuinulia na injini zinavuta hewa kidogo, kwa hiyo ndege ile ile yenye uzito ule ule inahitaji kukimbia zaidi kabla ya kunyanyuka. Tuna njia ya kurukia yenye zaidi ya kilomita nne, na bado siku ya joto la mchana uzito unaweza kulazimika kupunguzwa. Usiku hewa ni baridi na nzito zaidi, na kwa ndege iliyojaa mafuta hiyo ni nafuu kubwa. Matangi ya 787-8 huchukua takriban lita 126,000, na kwa safari hii hatubebi ya kufikia New York tu, tunabeba pia ya kwenda uwanja wa akiba na ya kuzunguka ikiwa tutazuiwa kutua.

Nne, uzi wa tufe haujui siasa. Vita vilipoanza Sudan Aprili 2023, anga yake ilifungwa kwa ndege za kiraia. Tarehe 6 Agosti mwaka huo huo Niger nayo ikafunga anga yake baada ya mapinduzi, ikaifungua tena tarehe 4 Septemba. Nchi hizo mbili ziko kwenye njia aliyoitaja mwenzetu. Kwa wiki zile ndege nyingi za kati ya Ulaya na nchi za kusini mwa Sahara zililazimika kuzunguka, na kuzunguka ni mafuta, mafuta ni uzito, na uzito ni mizigo inayoachwa nyuma. Mtu akifika akaambiwa sanduku lake litakuja kesho, mara nyingine chanzo kiko huko.

#5. Mchangiaji wa Mombasa

Assalaam alaykum. Nashukuru kwa darsa hili. Mimi nina mzee wangu anayetarajia kusafiri Januari, na swali lake kubwa si kilomita. Ameniuliza swala ya alfajiri itamkuta wapi, na atajuaje.

#6. Mwanzisha uzi

Wa alaykumu salaam. Mama yangu aliniuliza hilo hilo, na nililifanyia hesabu kabla hajaondoka.

Nairobi na New York zimeachana kwa karibu nyuzi 111 za longitudo, na jua hutembea nyuzi 15 kwa saa. Ndege inakwenda upande ule ule wa jua lakini polepole kuliko jua, kwa hiyo alfajiri inaifukuza kutoka nyuma na inachelewa sana kuifikia. Mzee ataondoka Nairobi usiku, jua likiwa limezama tangu karibu saa moja kasorobo. Januari atatua New York kabla jua halijachomoza, kwani kule huchomoza baada ya saa moja asubuhi. Usiku wake utakuwa wa zaidi ya saa 20. Kwa hesabu yangu alfajiri itamkuta juu ya Atlantiki, kati ya saa mbili na saa moja kabla ya kutua, wakati ambapo Nairobi adhuhuri inakaribia au imeshaingia. Akiifuata saa yake ya mkononi ya Nairobi ataswali mapema mno, ilhali nje kungali giza. Mkatie kiti cha dirishani upande wa kushoto, ambako kukikucha anaweza kuona weupe kwa nyuma, na amwombe mhudumu amwambie zimebaki saa ngapi kutua. Yaliyobaki, ya namna ya kuswali kitini na kukusanya swala, aulize kwa sheikh wake.

Kurudi mambo hugeuka. Ndege inalikimbilia giza, na jua linaweza kuzama saa mbili na nusu hivi tangu kupaa New York mchana. Aliyefunga siku hiyo atafuturu mapema kuliko aliowaacha kule.

Naongeza jambo la mwisho kwa wenye wazee wa pwani: msihesabu safari kuanzia uwanja wa ndege. Mama aliondoka nyumbani Kisauni saa kumi na moja na nusu alfajiri, akapanda treni ya asubuhi pale Miritini, akashuka Syokimau mchana, akapumzika kwa binamu yetu hadi jioni, ndipo akaenda uwanjani. Hadi anatua New York ilikuwa imetimia karibu saa 33, kabla hajasimama kwenye foleni ya uhamiaji na kabla ya zile saa sita zilizotokana na ujumbe wangu. Kama ningemhesabia hivi mapema, ningempeleka Nairobi siku moja kabla.

#7. Mchangiaji wa Dar es Salaam

Nashukuru kwa majibu, kaka, na kwa mtaalamu wa Nairobi pia. Nimelifanya jaribio la uzi kwa tufe la mwanangu, na ni kweli. Je, mama alirudi salama, na safari hiyo uliandikaje ujumbe?

#8. Mwanzisha uzi

Alirudi salama, Mungu ashukuriwe.

Safari ya kurudi niliandika karatasi ya safu mbili nikaipiga picha, nikaituma kwa kila anayehusika. Safu ya kushoto niliandika saa kama zilivyo kwenye tiketi, kwa tarakimu nne na jina la mji: "12:25 New York, Jumamosi", "10:55 Nairobi, Jumapili". Safu ya kulia niliandika kwa maneno, bila tarakimu hata moja: "saa sita na dakika ishirini na tano mchana", "saa nne na dakika hamsini na tano asubuhi". Shemeji alisoma ya kushoto, mama akasoma ya kulia, na dada akawasomea wote wawili kwa sauti kwenye simu hadi wakakubaliana. Nakala ya mama aliikunja akaiweka ndani ya pasipoti.

Mimi nilipanda basi la usiku kutoka Mombasa. Ndege ilitua saa nne na dakika thelathini na mbili asubuhi, dakika 23 kabla ya wakati, kwa ule upepo wa nyuma. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni tangu saa tatu.